Mabati Saba Yaliyobaki

Fundi alimaliza kazi Jumamosi ya kabla ya hii iliyopita, akafunga vyombo vyake guniani, akanywa chai, akaniaga. Kabla hajatoka alisimama uani akaniuliza, "Na hivi vilivyobaki, dada?" Nikamwambia aviache tu, nitajua la kufanya. Uongo mtupu. Leo ni siku ya kumi, mpaka asubuhi hii nilikuwa bado sijajua, na siku zote hizo sikai nikatulia. Nakaa barazani, nanyanyuka. Nabandika chungu jikoni, nachungulia dirishani. Nakwenda dukani kununua chumvi ambayo ninayo, nikirudi nazunguka nyuma ya nyumba kuvitazama, kana kwamba vitakuwa vimeota miguu na kwenda zake. Havikuota. Vilikuwa palepale.

Wala si vitu vya ajabu. Nilikuwa nabadilisha paa la jikoni na kutia vigae bafuni, katika nyumba hii yangu ya Malindi ambayo hewa ya chumvi imeitafuna miaka mingi, na kama ilivyo ada ya mafundi wetu, hesabu ikazidi. Mabati matano mazima, nusu boksi ya vigae, rangi ya samawati kiasi cha kupaka chumba kimoja, mbao chache, mfuko mmoja wa simiti na mwingine nusu. Hiyo simiti ndiyo iliyonikimbiza roho zaidi. Nawe ni mtu wa pwani, wajua, simiti huku kwetu haingoji mtu. Hewa ikiipiga wiki mbili tatu, mfuko wote unakuwa jiwe la kuzuilia mlango.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema kabisa, ameniambia yumo kwenye kikundi cha kusaidia watu na wako tayari kuja kuvichukua. Sharti lao ni moja, mpokeaji apigwe picha ameshika bati, wapate cha kuwaonyesha wanaowafadhili. Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri chochote, jibu lilikuwa hapana tangu alipotaja hiyo picha, ila sikuweza kumweleza sababu. Sababu yenyewe ni ndefu, ina miaka zaidi ya arobaini, na inaanzia Mambrui. Kaa basi nikusimulie. Mimi nitasimama.

Nililelewa na bibi yangu, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na udongo, paa la makuti, karibu na msikiti kiasi kwamba mwadhini akikohoa kabla ya adhana tulimsikia. Kazi zangu zilikuwa tatu na sikuipenda hata moja: kuchota maji kisimani, kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa kabla jua halijapanda, na kukuna nazi. Mpaka leo nikikaa kwenye mbuzi, mikono yangu inataka kuharakisha kama vile kuna mtu nje ananingoja tukacheze. Bibi alikuwa akiniambia, "Wewe utakula vidole vyako kabla ya wali," nami nilizidi kuharakisha, na kweli mara mbili tulikula wali wenye damu yangu kidogo, ingawa hatukumwambia mtu.

Hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu, nilizihesabu mara nyingi, alikaa mama wa mofa. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mtu wa visiwa vya kaskazini, aliyeletwa Mambrui na mumewe, mume akafa, naye akabaki. Alikuwa akioka mikate ya mofa, na kwa mikate hiyo ndivyo alivyoishi. Mofa, kama hukuwahi kuiona, ni tanuri la udongo lenye umbo la mtungi mkubwa. Unakoka moto ndani mpaka kuta zinaiva, kisha unatia mkono kwa haraka na kuubandika unga wa mtama uliochachuka kwenye ukuta wa ndani, nao unaiva pale ulipong'ang'ania. Mikono ya mama wa mofa haikuwa na malaika, vile vinyweleo vidogo, hata moja mpaka kwenye viwiko. Harufu ya mkate ule, wenye uchachu kidogo na moshi kidogo, ilikuwa ikinifikia kitandani, nikajua kumekucha. Tuliula kwa samaki wa kupaka, na Ramadhani tuliula kwa mchuzi wa nyama, na mimi niliula mkavu, njiani, kabla haujafika nyumbani.

Mofa yake ilikuwa chini ya banda la makuti pembeni mwa nyumba. Makuti yale yalikuwa yamechakaa. Ukisimama ndani uliona mbingu vipande vipande, na mvua ndogo za vuli zilipopita alikuwa akifunika mofa kwa gunia na sinia, akingoja. Kila mtu mtaani alijua kwamba banda lile halitavuka masika mengine. Mofa ni udongo, ikilowa imekwisha. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema, maana mama wa mofa hakuwa mtu wa kuambiwa maneno kama hayo. Alivaa kanga zake zikiwa zimepigwa pasi, alijibu salamu kwa ukamilifu wake, na hakuwahi kubisha hodi ya kuomba hata kijiko cha sukari.

Mwaka huo mjomba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, alimletea Bibi mabati. Tulikuwa watu wa tatu au wa nne mtaani kuingia kwenye mabati, na sikuambii nilivyotamba. Fundi alikaa juu ya nyumba siku tano, akigonga misumari na kuimba, nami nilikuwa chini nikimwokotea misumari iliyoanguka. Alipomaliza, mabati saba yalibaki. Mjomba alikuwa amepima paa kwa hatua zake mwenyewe, na mjomba alikuwa mrefu.

Sasa hapa inabidi nikueleze jambo la Bibi, la watu wa rika lake wote nadhani. Bibi hakuwa akimpa mtu kitu. Alikuwa akiomba asaidiwe. Tulipobadilisha mlango wa uani, ule wa zamani ulikuwa mzima kabisa, na mwalimu wangu wa chuo, aliyetusomesha Kurani, alikuwa akifunga chumba chake kwa kipande cha turubai. Bibi alimtumia salamu kwamba ana mlango unamsumbua, kila akipita unamkwaruza, hivi mwalimu hawezi kumwondolea? Mwalimu akaja, akauzunguka ule mlango, akalalamika kwamba ni mzito, akasema hana hakika atauweka wapi, Bibi akamsihi, mwalimu akaubeba kama anayefanya hisani. Siku ya tatu ulikuwa umefungwa kwake. Bibi akipita pale alikuwa akitazama upande mwingine. Boriti zilizobaki tulipojenga choo, mkulima mmoja wa upande wa Sabaki aliyekuwa akituletea mihogo aliombwa azitoe zisiharibu njia, naye akazitoa, akanung'unika kama kawaida, akajengea uchaga wake wa mahindi. Vitu vilikuwa vikiondoka kwetu namna hiyo, na sharti lilikuwa viondoke ndani ya wiki moja. Vikikaa zaidi, Bibi alisema, watu wataanza kuvitazama, na kitu kikishatazamwa hakitoki tena kwa heshima.

Kwa hiyo siku ya pili baada ya fundi kuondoka, Bibi aliniita asubuhi, akanisimamisha mbele yake.

"Nenda kwa mama wa mofa. Mwamkie kwanza. Kisha umwambie, Bibi akusalimu sana, naye akuomba ukipata nafasi upite, ana vitu vyamzuilia pa kuanika na hana mtu wa kumwondolea. Basi. Usitaje bati, usitaje mvua. Na ukikuta watu, keti ungoje wapungue. Wanisikia?"

"Nasikia."

"Hebu sema."

Nikasema. Akanirudisha tena, nikasema tena. Akanipa sinia ya mikate na pesa za mikate mitatu, nikatoka mbio.

Nilikuwa na miaka minane. Najua miaka minane ni michache, kila ninayemsimulia huniambia hivyo. Lakini nilikuwa nimeyashika maneno yale sawasawa, nilikuwa nimeyarudia mara mbili, hata leo nimekupa neno kwa neno. Hatua arobaini hazitoshi kumsahaulisha mtu.

Nilikuta watu. Wanawake watano au sita wakingoja mikate, na pamoja nao msichana wa rika langu, mtoto wa mwenye duka, ambaye kwao waliingia kwenye mabati zamani na alikuwa akituita sisi watu wa makuti. Alinitazama, akatazama sinia yangu, akatabasamu ile tabasamu yake. Rafiki yangu, sikuweza kuketi. Ningeketije? Sisi tulikuwa na mabati sasa, si ya kuezekea tu, yalikuwa yamezidi, tulikuwa na mabati ya kugawa. Nikasimama katikati ya banda, nikasema kwa sauti ile ile niliyokuwa nikisomea chuoni:

"Shikamoo mama! Bibi asema uje uchukue mabati yetu, yamebaki saba! Asema banda lako lishaoza, mvua ikinyesha mofa yako itaporomoka, na wewe hutakuwa na cha kula!"

Hayo ya banda na ya kula nilikuwa nimemsikia Bibi akimnong'oneza fundi. Niliyaongeza mwenyewe, habari inoge.

Mama wa mofa alikuwa ameinama, mkono wake umo ndani ya tanuri. Nakumbuka haukutoka upesi kama kawaida yake. Mwanamke mmoja alikohoa. Mwingine akaanza kumfunga mtoto wake vizuri mgongoni, mtoto ambaye alikuwa amefungwa vizuri. Kisha mkono ukatoka na mkate, akauweka juu ya kawa, akajipangusa kwa ncha ya kanga.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mwambie bibi namshukuru sana, Mwenyezi Mungu amzidishie. Mwambie banda langu lanitosha."

Akachukua sinia yangu kabla ya za wote waliotangulia, akanipangia mikate mitatu, na wa nne akanitia mkononi. "Na huu wako wewe, kwa kutumwa mapema."

Nilirudi nyumbani nikila, nimefurahi. Hilo ndilo linalonitoa kitini mpaka leo, kwamba nilifurahi. Nilidhani kazi nimeifanya vizuri na mkate wa nne ndio ushahidi.

Bibi alikuwa akipepeta mchele. Nikamweleza yote, maana nilijivunia yote, na nilipofika kwenye banda lililooza ungo ukasimama.

"Palikuwa na watu?"

"Walikuwapo."

"Nawe ukasema mbele yao."

Hakulisema kama swali. Akauweka ungo chini, mchele haujapepetwa hata nusu, akakaa akiitazama mikono yake. Nilingoja fimbo. Haikuja. Mimi ni mtu mzima sasa, nina wajukuu wangu, na bado naona ningechapwa siku ile ningekuwa mtu mtulivu zaidi.

Baada ya swala ya alasiri Bibi alivaa buibui lake, akabeba birika la kahawa, akaenda mwenyewe. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi nilimsikia akimwambia fundi, aliyekuwa amepita kutujulia hali, "Amenipokea vizuri mno," nami sikuelewa kwa nini anasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Siku mbili baadaye akamtuma fundi, aende kama kwa shauri lake, aseme ana mabati ya kuhifadhi na hana pahali pakavu, hivi hawezi kuyalaza juu ya banda la mama kwa miezi michache? Mama wa mofa alicheka kwa adabu, akamwambia fundi mwenye nyumba nzima Mambrui hakosi pahali pakavu, akampa mkate. Kila aliyekwenda alirudi na mkate. Hakukasirika, hakununa, hakutukata salamu, na hapakuwa na mlango wowote wa kuingilia. Bila mimi kufungua mdomo wangu angeyachukua mabati yale, tena angenung'unika kwamba ni mengi. Lakini sasa kila mwanamke mtaani alikuwa amesikia kwamba yana jina lake na kwa sababu gani. Bati la kwanza kupanda juu ya banda lile, wangetazama juu na kukumbuka kwamba alikuwa karibu kukosa cha kula.

Na mimi? Mimi nilikuwa nikiendelea kutumwa mikate kila asubuhi. Nilipokea, nikasema ahsante, nikarudi. Nilianza kuelewa polepole, kutokana na namna watu wazima walivyonyamaza nikiingia, na nilipoelewa nilianza kuzikimbia zile hatua arobaini, nafika, napokea, nakimbia tena. Bibi alidhani ni njaa.

Mvua ilikuja mapema. Ilianza alfajiri na haikukata siku tatu. Unajua mvua ya masika juu ya bati jipya, hamsikilizani ndani ya nyumba, mnaitana kwa mikono. Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo kwa hamu tangu fundi agonge msumari wa mwisho, na ilipokuja nilijifunika shuka kichwani. Ndani kwetu halikuingia hata tone. Bibi alisimama mlangoni akitazama upande ule. Siku ya kwanza wanawake walikwenda na magunia na mikeka, wakafunika. Siku ya pili makuti ya upande wa kusi yalianguka. Bibi akajitoma mvuani, yeye na fundi, wamebeba bati moja wakilishika huku na huku, na mama wa mofa akatoka kuwapokea, akawashukuru, akawaambia wasijisumbue, mofa imeshaingia maji. Siku ya tatu mdomo wa tanuri ulikatika, na kuta zikateremka ndani. Niliiona asubuhi ya nne. Lilikuwa shimo la matope, na kipande cha mkate wa zamani kikielea.

Utasema, si angefinyanga nyingine? Mofa inataka udongo wake maalumu na inataka jua wiki kadhaa ndipo ikauke bila kupasuka, na jua lilikuwa mbali, miezi miwili mbele. Miezi miwili mtu anayeishi kwa mikate atakula nini? Watu wangempa, bila shaka. Ndilo hasa lililokuwa limeshasemwa mbele ya wote, kwamba hatakuwa na cha kula. Kaka yake akaja kutoka kisiwani, wakafunga vyombo, wakaondoka. Siku kumi na mbili tu tangu mvua ile ya siku tatu ikate.

Mabati saba yaliegemezwa ukuta wa uani, nyuma ya kisima. Mjomba alipokuja mwisho wa mwaka akataka kuyaezekea banda la mbuzi. Bibi akamwambia, "Yana mwenyewe hayo." Mwalimu aliomba mawili, kwa utaratibu wake uleule, akijidai kuyalalamikia, Bibi akamjibu vilevile. Mwanamke ambaye hakuwa akikubali kitu kilale uani wiki mbili aliyaacha mabati yale yakazeeka pale. Kutu iliyala kuanzia chini. Kuku walitagia nyuma yake. Nilipoolewa na kutolewa nyumba ile yalikuwa bado yapo, yametoboka, na Bibi hakuwahi hata siku moja kuniambia kwamba ni kwa sababu yangu.

Sasa unaelewa kwa nini sikai. Siku tisa nimekuwa nikiyatunga maneno. Yupo mama anayenifulia nguo mara mbili kwa wiki, anatoka mtaa wa Kisumu Ndogo hapahapa Malindi, mjane naye, ana watoto wanne. Nilijua wa kumpa tangu siku ya kwanza. Nilichokuwa sijui ni namna. Nimeyafanyia mazoezi maneno ya Bibi mbele ya kioo, mwanamke mzima, mwenye miwani. Vyanizuilia pa kuanika. Sina mtu wa kuniondolea. Nimemwona Jumanne akija, akifua, akiondoka, mdomo wangu umefungwa. Nimemwona Ijumaa, hivyohivyo.

Leo asubuhi alipokuja nilimfuata uani kabla sijapoteza ujasiri. Alikuwa akikamua shuka. Nikaanza, "Mama, samahani, nilikuwa nataka kukuomba, kama hutajali, hivi vitu hapa vyanizuilia..."

Akanikatiza, shuka bado mkononi.

"Dada, hebu nikuulize. Haya mabati wayatoa ama wayauza? Maana kama wayatoa, nipe mimi. Chumba cha watoto kwangu chavuja, mvua ikinyesha twajibanza kona moja sote watano."

Hivyo tu. Akarudi kwenye shuka lake huku akingoja jibu. Nikamwambia, "Chukua. Chukua yote, na simiti." Akasema ahsante, Mungu akubariki, na akataka kujua kama misumari ipo. Akampigia simu kijana wa mkokoteni anayemfahamu. Kabla ya adhuhuri uani kulikuwa kumesafika, na kijana wa mkokoteni alikuwa akiuliza kwa sauti kubwa, mbele ya mtaa mzima, kama ni zawadi, naye mama akajibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba ndiyo, ni zawadi, na wewe kama wataka omba yako.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini nilisikia pia kama mtu aliyebeba mtungi kwa uangalifu safari nzima, akafika akaambiwa maji yalikuwa ya kumwagwa. Mambrui ya leo nakwenda mara chache. Mahali pa banda lile pana kibanda cha kuuza kadi za simu. Mkate wanakula wa duka, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na nikiwauliza vijana mofa ni nini wanadhani nataja jina la mtu. Wazee waliojua kunung'unika wakipokea wamekwisha, na Bibi alitangulia nao. Siku hizi mtu ana shida anasema nina shida. Ni bora hivyo, watoto wanne watalala pakavu wiki hii kwa sababu mama yao hakuona haya kufungua mdomo. Najua ni bora. Lakini naikosa ile hali ya mtu kutazama upande mwingine akipita kwako ili usione kwamba ameona, na sijui nitamweleza nani.

Nikamweleza yeye. Tulikuwa tunakunywa chai barazani akingoja nguo zikauke, akaniona najifuta machozi, akaniuliza macho yamefanya nini. Nikamsimulia yote haya, ya mofa, ya mvua, ya mabati. Akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Na huyo mama alipoondoka, aliwaaga?"

Aliaga. Kwetu mtu hasafiri safari ya kuhama bila kuzunguka nyumba moja moja kuomba radhi. Anasema, kama nimekukosea, nisamehe. Na wewe unajibu, nimekusamehe, nawe unisamehe mimi. Hata mtoto mdogo anajua, tunafundishwa pamoja na salamu. Mama wa mofa alipita kwa majirani wote asubuhi ile, amevaa buibui lake, na alikuja kwetu mwisho. Akamwomba Bibi radhi, Bibi akamwomba yeye, wakashikana mikono na kulia. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Akaniita. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akanishika mikono kwa mikono yake isiyo na malaika, akasema, "Na wewe mwanangu, kama nimekukosea jambo, uniwie radhi."

Nikasema, "Nimekusamehe, mama."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, akingoja nimalizie. Mama wa mofa naye alingoja, hakuniachia mikono. Nje wenzangu walikuwa wananiita. Nikajichopoa, nikakimbia.